Ukinzani Unakaa Wapi? Batobato na Michirizi ya Kahawia Ndani ya Seli ya Muhogo

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza dhana moja inayotumika sana katika tafiti za muhogo Afrika Mashariki, nayo ni dhana ya ukinzani. Katika taarifa za utafiti, vipeperushi vya maafisa ugani na hata katika tasnifu za vyuo vikuu, huandikwa kwamba mbegu fulani ya muhogo ni kinzani dhidi ya magonjwa. Usemi huo unaonekana kuwa wazi. Hata hivyo, hautaji ugonjwa unaohusika, hauelezi ni hatua ipi ya maisha ya kirusi inayozuiwa, wala haubainishi iwapo mmea umekizuia kirusi au umekivumilia tu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba maswali hayo hayajibiki kwa kutazama jani pekee. Majibu yake yamo ndani ya seli, na kutoyauliza kwa wakati kumekwisha kuwagharimu wakulima wa nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria mavuno yao mara mbili katika kipindi cha miaka isiyozidi ishirini.

Muhogo unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu unashambuliwa na magonjwa mawili makubwa ya virusi kwa wakati mmoja, katika shamba lilelile, na pengine katika shina lilelile. Magonjwa hayo ni batobato na michirizi ya kahawia. Yote mawili hubebwa na nzi weupe, mdudu mdogo ajulikanaye kitaalamu kama Bemisia tabaci, na yote mawili husafiri pia ndani ya pingili ambazo mkulima hukata na kupanda msimu unaofuata. Kwa mtu anayeyatazama kutoka nje, ni rahisi kuyahesabu kuwa ndugu. Ndani ya seli hayana udugu wowote.

2.0 Usuli wa Magonjwa Mawili

Batobato iliripotiwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1894, na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, aliyeandika kuhusu mazao ya Usambara. Jani la mmea ulioathirika huwa na mabaka ya kijani kibichi na manjano, hujikunja, na hupungua ukubwa. Mmea hudumaa. Mizizi huwa midogo na michache, lakini ile inayopatikana huwa mizima na hulika.

Michirizi ya kahawia ilitambuliwa baadaye, katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichopo katika milima hiyohiyo ya Usambara. H. H. Storey, ambaye alikuwa amekwisha kujulikana kwa kazi yake juu ya ugonjwa wa milia ya mahindi, aliutenga ugonjwa huu na batobato katika maandishi yake ya mwaka 1936. Dalili zake ni za hila. Manjano hufuata mishipa ya majani ya chini, yale ambayo hata hivyo huelekea kuzeeka na kudondoka; michirizi hujitokeza katika sehemu changa ya shina; na madhara makubwa kuliko yote hukaa chini ya udongo. Mzizi unaoonekana mzima kwa nje hukutwa na madoa makavu ya kahawia ndani ya nyama yake, na mkulima huyagundua siku anapoumenya. Haiwezekani kuuza mzizi kama huo, na sehemu iliyooza haifai kuliwa hata baada ya kupikwa. Kwa sababu hiyo wakulima wengi wa pwani walizoea kuvuna mapema, kabla madoa hayajaenea, na hivyo kupoteza sehemu ya uzito ambao zao lingefikia kama lingeachwa shambani.

Kwa miongo mingi ilikubalika kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa nyanda za chini. Ulikuwa ukionekana katika pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na katika mwambao wa Ziwa Malawi, na ilidhaniwa kwamba juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari hauwezi kuenea. Dhana hiyo inastahili kukumbukwa, kwa kuwa mipango kadhaa ya baadaye ilijengwa juu yake.

Huko Amani, Storey na R. F. W. Nichols walianza kutafuta ukinzani katika miaka ya 1930. Walipoona kwamba aina za muhogo walizokuwa nazo hazitoshi, waligeukia jamaa zake wa porini, na hasa Manihot glaziovii, yaani ule mti wa mpira wa Ceará ambao ulikuwa umepandwa kwa wingi katika koloni la Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake. Machotara waliopatikana walirudishiwa kwa muhogo kizazi baada ya kizazi ili kurejesha mizizi inayoliwa. Baada ya Nichols, kazi iliendelezwa na D. L. Jennings. Mmoja wa uzao wa kazi hiyo, uliopewa namba 46106/27, bado unalimwa: kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga, na pwani ya Kenya unaitwa Kaleso. Uchambuzi wa jinomu za mihogo ya Afrika uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha vipande virefu vya kromosomu za glaziovii katika mbegu nyingi za sasa, na chanzo chake ni misalabisho ya Amani.

Jambo moja katika historia hii lina uzito wa pekee kwa hoja ya makala. Amani palikuwa na magonjwa yote mawili kwa karibu, na watafiti wake waliyaangalia yote. Lakini sehemu ya uzao wa Amani ilipelekwa Nijeria katika miaka ya 1950, na huko ikawa msingi wa mbegu zilizokuja kuendelezwa na taasisi ya IITA ya Ibadan na kujulikana kwa herufi TMS. Afrika Magharibi haikuwa na michirizi ya kahawia. Uteuzi ulifuata batobato pekee, kwa kuwa hakuna mtafiti awezaye kuchagua mimea kwa kigezo cha ugonjwa usiokuwepo katika shamba lake.

3.0 Wageni Wawili wa Seli

3.1 Kirusi kinachoingia kwenye kiini

Virusi vya batobato ni vya jamii ya jeminivirusi. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya pacha, kwa kuwa chembe yake, yenye ukubwa wa takriban nanomita 20 kwa 30, huonekana kwenye hadubini ya elektroni kama mipira miwili iliyoshikana. Ndani yake mna DNA ya uzi mmoja iliyofungwa kama pete. Jinomu nzima ina pete mbili. Mwaka 1983 Stanley na Gay, nchini Uingereza, walichapisha mfuatano kamili wa kirusi kilichotoka magharibi mwa Kenya: pete ya kwanza ina nyukleotidi 2,779 na ya pili 2,724. Kwa kulinganisha, huo ni urefu usiotosha hata kuandika jeni moja kubwa ya muhogo wenyewe.

Udogo huo unaeleza tabia nzima ya kirusi hiki. Jinomu fupi kiasi hicho haina nafasi ya kubeba kimeng'enya cha kunakili DNA. Kirusi kinalazimika kuazima. Nzi mweupe akishachoma mdomo wake kwenye floemu na kukiacha kirusi ndani ya seli hai, DNA yake husafirishwa hadi kwenye kiini cha seli, na huko uzi mmoja hukamilishwa kuwa nyuzi mbili kwa vimeng'enya vya mmea. Hapo hutokea ugumu mwingine. Seli nyingi za jani lililokwisha kukomaa hazigawanyiki tena, na seli isiyogawanyika haina sababu ya kuweka tayari mitambo ya kunakili DNA. Kirusi hulitatua tatizo hili kwa protini yake iitwayo Rep, ambayo hujishikiza kwenye protini ya mmea yenye kazi ya kuizuia seli isianze kunakili DNA kabla ya wakati. Kizuizi hicho kikiondolewa, seli hurudishwa katika hali ya maandalizi ya kugawanyika ingawa haitagawanyika, na vimeng'enya vinavyohitajiwa hutengenezwa. Ni sawa na mpangaji anayewasha jiko la mwenye nyumba usiku wa manane na kupika chakula chake.

Nakala zikishapatikana, protini mbili zinazotokana na pete ya pili hufanya kazi ya uchukuzi. Moja huitoa DNA ya kirusi kwenye kiini na nyingine huipitisha kwenye plasmodesmata, yaani vile vijia vyembamba vinavyopenya ukuta wa seli na kuunganisha seli moja na jirani yake.

3.2 Kirusi kisichohitaji kiini

Michirizi ya kahawia husababishwa na virusi vya spishi mbili zinazokaribiana, zote za jenasi Ipomovirus, katika familia moja na virusi vingi vinavyoathiri viazi na maharage. Chembe yake ni kijiti kirefu kinachopindika. Jinomu yake ni uzi mmoja wa RNA wenye nyukleotidi zipatazo 9,000, na RNA hiyo iko katika mwelekeo unaoweza kusomwa moja kwa moja na ribosomu za mmea, bila maandalizi yoyote ya awali. Hakuna safari ya kwenda kwenye kiini. Ribosomu huisoma RNA mwanzo hadi mwisho na kutoa protini moja ndefu, ambayo hukatwakatwa na vimeng'enya vya kirusi chenyewe kuwa protini ndogo zenye kazi mbalimbali. Mojawapo ya hizo ni kimeng'enya cha kunakili RNA. Kwa hiyo kirusi hiki huja na mwandishi wake. Kinachokosa ni msomaji, na msomaji huyo ni ribosomu pamoja na protini zinazomsaidia kuanza kusoma.

Jinomu hii ina jambo la ajabu ambalo watafiti bado wanalifanyia kazi. Karibu na mwisho wake mna jeni iitwayo HAM1, inayofanana na jeni zinazopatikana katika seli za viumbe wengi kuanzia bakteria hadi binadamu, ambako kazi yake ni kuondoa nyukleotidi zenye kasoro zisiingizwe kwenye DNA au RNA. Ni nadra mno kukuta jeni ya namna hiyo kwenye kirusi. Majaribio katika mmea wa maabara Nicotiana benthamiana yameonesha kwamba HAM1 inahusika na kufa kwa tishu. Iwapo ndiyo inayosababisha madoa ya kahawia ndani ya mzizi wa muhogo ni swali jingine, na mwandishi anaona si halali kuliruka pengo hilo kwa sentensi moja kama ifanyavyo baadhi ya miswada.

Tofauti ya virusi hivi viwili sasa ni dhahiri. Kimoja kinaazima mitambo ya kunakili DNA iliyomo kwenye kiini. Kingine kinaazima mitambo ya kusoma RNA iliyomo kwenye sitoplazimu. Mlango ambao mmea unaufunga dhidi ya mgeni wa kwanza si mlango anaoutumia wa pili.

4.0 Ulinzi wa Pamoja na Namna Unavyovunjwa

Kabla ya kuzungumzia ukinzani wa mbegu maalumu, yafaa kutambua kwamba kila seli ya muhogo, hata ya mbegu dhaifu, ina ulinzi wa asili dhidi ya virusi. Ulinzi huo huitwa unyamazishaji wa RNA. Kirusi kinapozaliana, mara nyingi hutokeza RNA ya nyuzi mbili, hali ambayo si ya kawaida katika seli yenye afya. Seli huitambua, huikata vipande vifupi vya nyukleotidi 21 hadi 24, kisha huvitumia vipande hivyo kama vielelezo vya kuitafuta na kuiharibu RNA yoyote yenye mfuatano unaolingana. Vielelezo hivyo husambaa hadi sehemu nyingine za mmea, hivyo machipukizi mapya huweza kukuta ulinzi umekwisha kuandaliwa.

Hicho ndicho kisa cha jambo ambalo wakulima wamelifahamu kwa muda mrefu bila kuhitaji maabara: muhogo huweza kuanza na batobato kali, kisha majani ya juu yakatoka safi. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionesha kwamba mimea inayopona kwa namna hiyo hukusanya vipande vifupi vya RNA ya kirusi kwa wingi kuliko ile isiyopona. Ilibainika pia kwamba joto likipandishwa kutoka nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, unyamazishaji huongezeka na dalili hupungua. Mtafiti anayelinganisha mbegu katika vituo viwili vyenye hali ya hewa tofauti anapaswa kulizingatia hilo kabla ya kudai kwamba tofauti aliyoiona ni ya mbegu.

Virusi navyo havikukaa kimya. Karibu kila kirusi cha mimea kina protini moja au zaidi za kuuvuruga unyamazishaji, na hapa ndipo yalipotokea maafa ya Uganda. Kuanzia mwaka 1988, batobato ya ukali usiokuwa wa kawaida ilionekana kaskazini mwa Kampala na kuanza kusonga kusini, ikifika magharibi mwa Kenya na kaskazini magharibi mwa Tanzania katika miaka ya 1990. Katika wilaya nyingi wakulima waliacha kabisa kulima muhogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta mambo mawili katika mimea hiyo. Kwanza, kirusi kilichotawala kilikuwa mseto: sehemu ya jeni ya protini ya ganda lake ilitoka kwa kirusi cha batobato cha Afrika, na sehemu iliyobaki ilitoka kwa kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki. Pili, mimea iliyoathirika vibaya zaidi ilikuwa na virusi viwili kwa pamoja.

Sababu ya pili kuwa mbaya kuliko jumla ya sehemu zake ilifafanuliwa mwaka 2004, katika jaribio la seli za muhogo na za tumbaku lililotumia kirusi cha batobato cha Afrika na ndugu wa Kameruni wa kile cha Afrika Mashariki. Protini iitwayo AC4 ya kirusi cha kwanza na protini iitwayo AC2 ya kirusi cha pili zote huvuruga unyamazishaji, lakini kila moja kwa njia yake. Zinapokutana katika seli moja, ulinzi hupigwa pande mbili, na virusi vyote viwili huongezeka kuliko ambavyo kila kimoja kingeweza peke yake. Mmea ambao ungepona dhidi ya kirusi kimoja hushindwa mbele ya viwili. Neno kinzani lililoandikwa katika jaribio la kirusi kimoja halikuwa la uongo. Lilikuwa na mpaka ambao haukuandikwa.

5.0 Ukinzani dhidi ya Batobato: Kisa cha CMD2

Mwitiko wa maafa hayo ulikuwa kusambaza mbegu kinzani, na kwa batobato ulifanikiwa. Mbegu za TMS ziliidhinishwa Uganda kwa majina ya Nase, na baada yake zikafuata mbegu za kienyeji za Afrika Magharibi zenye herufi TME, ambazo ukinzani wake ulikutwa na nguvu zaidi. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba ukinzani wa mbegu za TME unarithiwa kama jeni moja tawala, ikapewa jina la CMD2. Kwa mzalishaji wa mbegu hii ni habari njema mno: jeni moja tawala ni rahisi kufuatilia katika misalabisho. Kwa muda wa miaka ishirini, hata hivyo, jeni hiyo ilitumika bila mtu kujua ni ipi na inafanya nini.

Fumbo lilizidi watafiti walipojaribu kuiboresha TME 204 kwa njia ya uhandisi jeni. Ili kupata mmea mzima kutoka kwenye seli zilizobadilishwa, tishu za muhogo hurudishwa katika hali ya kiinitete ndani ya chupa na kuoteshwa upya. Mimea iliyotoka katika njia hiyo ilikuwa imepoteza ukinzani wake dhidi ya batobato, hata ile ambayo haikuingizwa jeni yoyote ya kigeni. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Wengi walitarajia kwamba maelezo yangepatikana katika alama za kikemikali zinazowekwa juu ya DNA, lakini usomaji wa alama hizo katika jinomu nzima haukuonesha kisababishi.

Jibu lilikuja mwaka 2022. Ukinzani wa CMD2 unatokana na mabadiliko ya herufi moja katika jeni ya polimerasi ya DNA delta, kimeng'enya ambacho seli ya muhogo hutumia kunakili DNA yake yenyewe. Watafiti walipoipunguzia makali jeni hiyo katika mbegu dhaifu, mmea dhaifu ulianza kupona kwa namna ileile inayoonekana katika mbegu za CMD2. Msomaji aliyefuatilia sehemu ya 3.1 ataona mara moja kwa nini. Kirusi kisicho na kimeng'enya chake kimekwenda kuazima, na kimekuta chombo kilichobadilishwa kidogo: bado kinatosha kwa kazi ya mwenye nyumba lakini hakimfai mgeni.

Ugunduzi huo unaeleza pia mipaka ya CMD2 kwa usahihi ambao majaribio ya shambani yasingeweza kuufikia. Kirusi cha michirizi ya kahawia hakigusi polimerasi ya DNA. Hakina DNA. Mbegu yenye CMD2 haina sababu yoyote ya kibayolojia, itokanayo na jeni hiyo, ya kukizuia. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilionekana Mukono nchini Uganda, juu ya mita 1,000, mahali ambapo ilidhaniwa haiwezi kuenea, kisha ikatapakaa katika nchi zinazozunguka ziwa. Iliikuta TME 204 na nyingine za aina yake zikiwa zimesambazwa kwa wakulima waliokwisha kupoteza zao mara moja. Majani yalikuwa mazuri. Mizizi ilikuwa na madoa.

Si haki kuwalaumu waliozisambaza mbegu hizo, kwani hakukuwa na zilizo bora kuliko hizo dhidi ya janga lililokuwapo. Lakini ni halali kusema kwamba neno kinzani, lilipokuwa likipita kutoka maabara hadi shambani, lilidondosha njiani jina la ugonjwa wake.

6.0 Ukinzani dhidi ya Michirizi: Njia Tatu Tofauti

Dhidi ya michirizi ya kahawia hakujapatikana jeni moja yenye nguvu kama CMD2 iliyokwisha kuingizwa katika mbegu za wakulima. Ziko njia tatu zinazofuatwa, na kila moja inagusa sehemu tofauti ya seli.

Ya kwanza ni urithi wa Amani. Namikonga huambukizwa, ila kiwango cha kirusi ndani yake huwa kidogo, dalili za mizizi huwa hafifu, na sehemu kubwa ya pingili zake huweza kutoa mimea isiyo na kirusi. Sifa hiyo inaongozwa na maeneo kadhaa ya kromosomu na si jeni moja, jambo linalofanya uhamishaji wake uwe wa polepole.

Ya pili inamlenga msomaji. Kirusi cha michirizi, kama ndugu zake wa familia hiyo, kina protini ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya RNA yake, na protini hiyo hushikana na zile protini za mmea ambazo huianzisha ribosomu kusoma. Muhogo una protini tano za kundi hilo. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ambayo jeni mbili kati ya hizo zilizimwa kwa uhariri wa jinomu. Dalili zilichelewa na kupungua, katika majani na katika mizizi, ila kirusi hakikutoweka. Tokeo hilo linafundisha kuliko kama lingekuwa ushindi kamili: linaashiria kwamba kirusi kina mahali pengine pa kushika. Karibu na njia hii upo pia unyamazishaji wa RNA ulioimarishwa kwa uhandisi jeni, ambao mmea hupewa mapema vielelezo vya kukitambua kirusi. Muhogo wa namna hiyo uliruhusiwa na mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya mwaka 2021, kwa hatua ya majaribio ya wazi ya kitaifa. Ulikuwa umetokana na TME 204 iliyooteshwa upya chupani, hivyo ililazimu ukinzani wa batobato urejeshwe kwa kusalabisha.

Ya tatu, ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo yenye kuvutia zaidi kwa mtaalamu wa seli, ilitoka Amerika ya Kusini, nyumbani kwa muhogo, mahali ambapo virusi vya michirizi ya kahawia havipo. Katika mkusanyiko wa mbegu za huko zilipatikana chache ambazo, hata zikipandikizwa kwenye shina lililojaa kirusi, hazikuambukizwa kabisa. Nyingine ziliambukizwa, lakini kirusi kilipotafutwa ndani ya tishu kwa rangi maalumu kilikutwa kwenye seli wenza za floemu tu. Kilikuwa kimefika kwenye barabara kuu kikashindwa kuingia mitaani. Katika mbegu dhaifu, kirusi hichohicho hutoka kwenye floemu na kujaa katika seli za jani na za mzizi. Ukinzani katika kisa hiki hauhusu kuzaliana kwa kirusi. Unahusu mlango mmoja wa plasmodesmata kati ya aina mbili za seli. Mbegu hizo za Amerika ya Kusini ni dhaifu mbele ya batobato, na hivyo wazalishaji wanazisalabisha na zile zenye CMD2.

7.0 Athari kwa Upimaji

Katika tafiti nyingi za muhogo, hali ya mmea hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni mmea usio na dalili na 5 ni dalili kali kabisa. Kipimo hiki ni cha lazima na kitaendelea kutumika, kwani hakuna kinachoweza kupima mimea mingi kwa gharama ndogo kama macho ya mtafiti mzoefu. Tatizo ni maana inayopewa alama ya 1. Chini ya alama hiyo hujificha mimea ya aina nne zisizofanana: uliokwepa kuambukizwa kwa bahati, usioambukizika, ulioambukizwa ukakizuia kirusi mahali pamoja, na uliojaa kirusi ukakivumilia. Mmea wa aina ya nne ndio wa hatari. Unaonekana mzuri kwa mkulima, anaukata pingili na kumgawia jirani, na nzi weupe wanaonyonya majani yake huondoka na kirusi.

Kiswahili kinayo maneno ya kutosha ya kutenganisha hali hizi, ila hatuyatumii kwa nidhamu. Inapendekezwa kwamba neno kinga kamili litumike pale tu ambapo mmea umepandikizwa kwenye shina lenye kirusi na kirusi hakikuonekana kwa kipimo cha RNA au DNA. Ukinzani, pale ambapo kirusi kipo lakini wingi wake au uenezi wake umebanwa, na hapo itajwe kirusi kipi. Kupona, pale ambapo dalili zilikuwapo zikaondoka katika machipukizi mapya. Na ustahimilivu, pale ambapo wingi wa kirusi haukupungua ila dalili ni hafifu. Baadhi ya tasnifu hutumia ukinzani na ustahimilivu kama visawe katika aya moja, na mtahini asiyelihoji hilo anaruhusu matokeo mawili yanayopingana yasomwe kuwa moja.

Upo pia ugumu wa sampuli. Kirusi cha michirizi ya kahawia hakisambai kwa usawa ndani ya mmea, hasa katika mbegu zenye ukinzani, ambako jani moja laweza kuwa nacho na jingine la shina hilohilo likawa halina. Sampuli ya jani moja kutoka kila mmea, kama ilivyoelezwa katika sura za mbinu za tafiti kadhaa, haiwezi kutenganisha mmea usioambukizika na mmea ambao kirusi chake kimebanwa kwenye floemu ya tawi jingine. Angalau jani la chini, jani la katikati na kipande cha mzizi vichukuliwe kwa kila mmea, na vipimwe kila kimoja peke yake badala ya kuchanganywa katika mrija mmoja. Gharama itapanda mara tatu, na idadi ya mbegu zitakazolinganishwa italazimika kupungua kwa kadiri hiyo.